Mbuzi wa Jino Moja

Mundhir alinipigia simu Jumapili:
nije Mabela, nipime kuta, nichague rangi.
"Nataka nyumba ya mama ieleze safari yetu."
Ndivyo wasemavyo wateja siku hizi.
Nikaja na kipimo cha leza na vipande vya vitambaa,
kijivu cha mchanga, kijivu cha moshi, kijivu cha jiwe.

Majlisi ilikwisha kariri maneno yake:
jambia ndani ya kioo,
mabuli matatu ya shaba ambayo hayajaonja kahawa,
makochi yameegemea ukuta
kama watu wanaongoja kuitwa hospitali.
Kila kitu kilisema marhaba.
Hakuna kilichosema kaa.

Nikafuata harufu.
Nyuma, penye mlango usiofungika vizuri,
Bi Shinuna kakalia mbuzi, kanga kiunoni,
simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari,
anazozana na dada yake wa Wete
habari za shamba lililokwisha uzwa zamani.

Wageni hapa huletewa mbuzi juu ya wali,
wanaume wakakunja mikono ya kanzu.
Huyu wa pili hajaitwa mbele hata siku moja:
mbao nyeusi, jino moja la chuma,
mguu umefungwa waya.
"Kaja nasi mwaka wa sabini na tatu, ndani ya mkeka.
Watu wa forodha wakamuuliza mama, hii silaha?
Mama akakosa Kiarabu cha kuwajibu."

Papo hapo nikaona rafu, taa ndogo juu yake,
mbuzi peke yake kwenye ukuta mweupe.
Nikamchorea. Nilijiona hodari.

Akaushika mchoro kwa vidole vya tui.
"Ukimpandisha huko, mwanangu,
nazi nitaikunia wapi?"

Kiswahili changu mimi ni cha jikoni.
Bibi yangu alikuwa akiniambia kuna,
nami nikingoja aseme kuna nini.
Kumbe kanipa kazi.

Alichotaka hakikuwamo katika vitambaa vyangu:
tundu ukutani, kati ya jiko na majlisi,
upana wa sinia.
"Wanisikie. Waulize."
Mundhir alinuna wiki nzima:
harufu ya papa itaingia kwenye mapazia.
Itaingia, nikamwambia.

Jambia limebaki pale pale. Rangi hata sikumbuki,
kijivu kimojawapo.

Ijumaa nilipita kudai salio langu.
Mgeni kutoka Ibra, kikombe mkononi,
akanyamaza katikati ya bei ya ngamia,
akageuza shingo. Krr. Krr. Krr.
"Nini hicho?"
Na kutoka tunduni, bila kusimamisha mkono:
"Mbuzi!"
Mgeni akamtazama Mundhir.
Mundhir akafungua kinywa, Kiarabu kisije,
akashuka kochini na kanzu yake iliyopigwa pasi,
akachuchumaa juu ya zulia jipya,
akaanza kuonyesha kwa mikono.