Mstari wa Kawaida

Damu huja asubuhi kwa baiskeli na kwa basi,
ndani ya maboksi ya samaki tuliyoyasugua kwa jiki.
Ya Lushoto imefungwa kwenye sweta la mtu,
ya Handeni ina vumbi jekundu hadi kifunikoni,
ya Pangani inanukia nazi,
au pua yangu ndiyo inayotaka iwe hivyo.
Tanga, wasema watu, waja leo waondoka leo.
Hizi haziondoki. Zinapanga foleni kwenye friza,
chupa elfu mbili mia tatu na sita, kimya.

Mimi ni Mhina wa maabara, chumba cha mwisho,
mkabala na mahali wanapoanika mashuka ya wodi.
Kazi yangu ni kuuliza kila tone swali moja:
kile kiashiria cha uvimbe wa ini, una kiasi gani?
Mashine hujibu kwa namba.
Haijui kusema "inategemea".

Ndani ya boksi la vitendanishi kuna karatasi
iliyokunjwa mara nane kama hirizi.
Inasema: kawaida inaanzia hapa, inaishia hapa.
Kawaida ya nani?
Watu mia na ishirini wa mji mmoja wenye theluji,
walionyoosha mkono, wakaambiwa asante, wakapewa biskuti.
Hakuna kati yao aliyekula makande
ya mahindi yaliyolala ghalani misimu miwili.
Hakuna aliyegeuka macho manjano utotoni,
akanyweshwa mizizi,
akapona, au akadhani amepona.

Nikayatandaza majibu wilaya kwa wilaya.
Lushoto ikajikunyata chini ya mstari.
Pangani ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda.
Lakini Handeni, vijiji vitano vinavyofuatana,
wamesimama wote juu ya mstari, wazee kwa vijana,
watu wanaolima, wanaooana, wanaoshtakiana mipaka,
na mashine imewatia wekundu bila kubagua.
Kijiji kizima hakiwezi kukosa kuwa cha kawaida, nikasema.
Au kinaweza?

Kwenye dodoso, swali la kumi na nne: *Una maumivu yoyote?*
Bwana mmoja, Sekiete, alijibu kwa ubeti,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:

    Wauliza maumivu, niliyonayo mwilini,
    Nina goti lenye kovu, na madeni ya dukani,
    Damu yangu si pumbavu, imenijua zamani,
    Mnachotafuta humo, mkikiona semeni.

Nilicheka peke yangu. Nikamsomea Dokta Shemdoe, naye akacheka.
Kisha akatazama chati. "Kila mahali pana kawaida yake," akasema.
"Wa kwao wapimwe kwa kwao. Sogeza mstari."
Ni kweli. Nikausogeza kwa penseli.
Watu mia mbili na tisa wakapona kwa kifutio.
Nikaenda kunywa chai.

Chai ikapoa.

Maana chini kidogo tu ya mstari mpya
palikuwa na chupa namba 1417,
imejificha ndani ya kawaida
kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana.
Nikafukua daftari la mwaka jana:
chupa ya mtu huyuhuyu, mkono huohuo,
namba yake ilikuwa theluthi ya hii.
Si juu ya majirani zake. Si juu ya wilaya.
Juu ya yeye wa jana.

Hapo hakuna karatasi iliyokunjwa inayosaidia.

Simu ikapokewa na sauti ya msichana, kuku nyuma yake.
"Babu yuko shamba. Wewe nani?"
"Wa damu. Wa Tanga."
"Mmeona kitu?"
Mashine ilikuwa inanguruma, inasubiri tone jingine.
"Inategemea," nikasema, na aibu ikanipanda shingoni.
Kisha nikasema: "Mwambie nimeusoma ubeti wake.
Mwambie nina nusu ya jibu,
na nusu hiyo haitumwi kwa simu.
Aje Jumatatu. Nauli nitatoa mimi."