Kanuni ya Sita

Mama Aikande amepiga tena kutoka Uru:
"Ule wekundu, mwanangu, uutoe.
Wazee wakiuona kwenye simu za wajukuu
wanadhani chama kinawadai roho."

Kiborloni, juu ya duka la vipuri,
feni inazunguka kama haina safari.
Wakulima mia nne na kumi na mbili
wamejipanga kwenye kioo changu:
jina, kilo za kahawa, salio,
na kila mwenye salio hasi
amepakwa rangi ya pilipili mbivu.

Kwanza nilifanya ujinga wa kuwaendea mmoja mmoja
kama karani wa sensa, hodi mlango kwa mlango.
Kitanzi kikazunguka, ukurasa ukakwama,
simu ya majaribio, ya elfu themanini,
ikachemka kiganjani.

Ndipo nikakumbuka: hawa hawavai rangi, wanavaa neno.
Neno lenyewe ni *deni*,
na rangi yake imeandikwa mahali pamoja tu,
kwenye laha ya mitindo, kanuni ya saba,
ambayo mashine huiita ya sita
kwa kuwa yenyewe huanza kuhesabu kwenye sifuri,
kama mkulima msimu ukifunguliwa.

Mistari miwili ya Javaskripti.
Mmoja wa kuifuta ile ya sita,
wa pili wa kuchomeka mpya palepale:
deni liwe na rangi ya buni iliyokaangwa.

Sikumgusa mtu.
Wakageuka wote kwa mara moja, kimya,
kama usharika mchungaji akisema, tusimame.

Nikapakia ukurasa upya, nijione.
Wekundu ukarudi.
Wote. Papo hapo.
Kumbe nilikinong'oneza kivinjari,
kwenye faili sikuandika,
na kivinjari kikifumba macho husahau.

Haya. Nikafungua faili, nikaandika, nikahifadhi.

Safu ya mia mbili na tisa:
Anaeli Mosha, Shimbwe. Kilo, sifuri.
Salio, hasi elfu sitini na tatu.
Tulimzika Agosti.
Sasa ni kahawia, baba yangu, na anapendeza,
na zile elfu sitini na tatu
zimekaa palepale zilipokuwa.

"Tayari, mama," nikasema kwenye simu.
Akanyamaza kidogo, anatazama.
"Imependeza. Na namba je?"

Namba sina ruhusa nazo, mama.
Mimi ni wa rangi.