Tone la Wino, Wete

Saa tisa za usiku, umeme umerudi.
Juu ya kioo natia tone la wino mweusi,
tone la maji ya uti wa mgongo wa Shaame Faki,
nafunika, nainama kwenye hadubini.

Ndani ya giza la wino, miezi.
Miezi midogo, kila mmoja kajijengea ua wa ute.

Nakujua, kuvu.
Jina lako limo daftarini.
Nakuuliza njia uliyopita.

Shaame hufagia ghala la karafuu kule bandarini.
Njiwa juu ya boriti,
chini yao kinyesi cha miaka,
kikavu, chepesi kuliko unga wa muhogo.
Huko ndiko kwenu. Hukumtaka mtu.
Kazi yako ilikuwa kuozesha:
majani kwa udongo, ndoa ya kimya,
na lau si wewe
taka za mikarafuu zingetufika kiunoni.

Lakini bati la ghala lilikuwa chuo.
Jua la kaskazi likiliwakia, wenzio walikauka;
wewe, kizazi baada ya kizazi,
ukalizoea joto,
hujui kwamba ndilo joto la damu,
nyuzi thelathini na saba,
ukuta wetu wa kale.
Umeujia ukiwa umeshaujua.

Ule weusi ulijipaka kwa ajili ya jua.
Amiba wa udongoni walikumeza
mpaka ukajua kumezwa.
Basi alipokumeza askari wa damu, pafuni,
ulitulia tumboni mwake, ukala, ukazaa,
naye akakubeba hadi kwenye ubongo
akidhani amekukamata.
Kikulacho ki nguoni, tunaambiwa.
Hiki kilivaa nguo ya mlinzi.

Nje, kwenye benchi, Mkasi na chupa ya chai.
Wiki tatu mumewe analalamikia kichwa,
wiki tatu watu wanampa majina ya majirani.
"Nani kamfanyia?"

Nimweleze nini? Kuhusu bati? Kuhusu amiba?
"Hakuna, dada. Vumbi tu."
Naliona neno *tu* likianguka baina yetu,
dogo, jepesi, linaelea.

Narudi ndani. Naandika: *wameonekana, wengi.*
Dawa iko Chake, gari litaondoka alfajiri.
Juu ya paa la maabara
bati linapoa, linalia ka, ka,
na njiwa mmoja, macho hana usingizi,
anajikuna mbawa.