Mkono wa Ndani

Miaka ishirini na mitatu nimeiuzia Mombasa usingizi:
komeo, kitasa, pingo,
kufuli la kilo moja,
nondo za dirishani nilizozipinda maua
ili mteja asione kwamba amenunua jela.
Sikuwahi kuulizwa, wala sikujiuliza,
mlango wafunguliwaje na mtu anayekohoa.

Juma lililopita niliitwa Shimanzi,
godauni la mitumba, nyuma ya matangi ya mafuta.
Wanawake arubaini wachambua marobota,
soksi huku, sidiria kule, makoti ya theluji
yaliyopotea njia yakaja kutoka jasho kwetu.
Mwenye mali, Badrudin, akanionyesha mlango wa nyuma:
"Viatu vyatokea hapa, fundi. Jozi sita kwa siku.
Nitilie mnyororo. Ufunguo nitakaa nao mimi."
"Nawe hukaa wapi?"
"Nyali."

Nilikuwa nishatoa drili
alipoingia Nyamvula wa zimamoto,
daftari kwapani, viatu vina tope la Kibarani.
Hakusalimia mtu. Aliuendea mlango,
akaupa mgongo, akausukuma kwa makalio
kama mama aliyebeba mtoto na ndoo.
Mlango haukutikisika.
"Huu," akasema, "ni ukuta uliopakwa rangi."

Kisha akanisomea mimi, si Badrudin:
mlango wa dharura hufungukia nje;
hauombi ufunguo, hauombi namba, hauombi kadi;
mkono mmoja, mwendo mmoja, basi.
Wataka sumaku? Tia sumaku. Lakini stima ikikatika
au king'ora kikilia, iachie papo hapo.
"Na mwizi?"
"Mtilie kengele, Badrudin. Akisukuma, mtaa mzima usikie.
Mwizi ataondoka na jozi ya viatu.
Mnyororo wako utaondoka na miguu."

Nilicheka kidogo. Nikarudi Majengo.

Usiku ule stima ikapotea, kama ada yake.
Nikawaambia wanangu: njooni tucheze.
Fumbeni macho, moshi umejaa, tokeni.
Mlango wangu una vifungo vitatu, kazi ya mikono hii.
Mkubwa akalipata komeo, kitasa akakizungusha kinyume.
Ufunguo wa kufuli la geti
ulikuwa ndani ya kopo la hiliki, jikoni,
na jikoni, katika mchezo wetu, ndiko kulikowaka.
Naye Mwanashee, wa miaka sita,
alisimama kwa ncha za vidole
akapapasa, akapapasa, mbao tupu.
Asubuhi nilipima kwa futi: inchi nne
baina ya kidole chake na komeo.
"Baba, nishakufa?" aliuliza gizani, akicheka.

Sikumjibu. Nilitafuta kiberiti,
nilipokipata nikaogopa kukiwasha.

Kabla ya adhana nililikata kufuli langu
kwa msumeno wa mkono, kriii, kriii,
hata jirani yangu Bwanaheri akatoka na rungu
akidhani naibiwa.
"Naam," nikamwambia, "na mwizi ni mimi."
Nikatia kitasa kimoja cha kugeuza kwa ndani,
kimo cha kifua cha Mwanashee,
na kwa chaki, nyuma ya mlango, nikaandika:

Mlango wangu jamani, nakupa amri mbili:
Mwizi ajapo nyumbani, mzuie kwa ukali,
Na moto ukiwa ndani, funguka usisaili,
Sukumo la mkononi, la mtoto ni kamili.

Mke wangu akasoma, akasema chaki itafutika.
Kweli. Nitaandika tena.

Leo nimerudi Shimanzi. Mnyororo nimeuacha kwenye gunia.
Nimefunga nondo ya kusukuma, ubavu kwa ubavu wa mlango,
bawaba mpya, mafuta kidogo.
Kadzo, robota kichwani, mikono yote juu,
akaijaribu kwa nyonga.
Kla.
Jua lote likaingia juu ya makoti.
Wenzake wakaja mmoja mmoja kujaribu, wakicheka, kla, kla,
huku Badrudin akiniuliza
kengele ni shilingi ngapi.