Fomu Moja

Fomu ya masista nimeinunua elfu ishirini,
nikaikunja ndani ya khanga isilowe mvua ya Kasulu.
Bukuru na Butoyi wamelala mkeka mmoja,
miguu ya huyu kifuani mwa yule.

Ada ya mwaka, mtoto mmoja,
ni madumu arobaini ya mawese.
Michikichi yangu ikinihurumia hutoa arobaini na matatu.
Hayo matatu ni chumvi, ni kiberiti,
ni daftari la atakayebaki.

Fomu inauliza cheti cha ubatizo,
shuka ngapi, ndoo ipi, chanjo zote.
Haiulizi nani alitangulia kutoka tumboni,
wala nani alilia kwanza.

Butoyi anapiga hesabu kuliko muuza duka.
Bukuru hasemi. Ananitazama tu nikikamua,
na Sista Radegunda alisema, wanyamavu hufika mbali.
Shule ya kata nayo ina watoto mia na tisa chumba kimoja,
na mwalimu aliyekauka sauti.

Kesho saa sita dirisha linafungwa.

Nimesogeza kibatari. Jina la mtoto:
nimeandika B,
nikaandika U.
Mpaka hapo
bado ni wote wawili.