Fomu Mbili Chini ya Mashine ya Presha

Saa tisa usiku, wodi ya wazazi, Urambo.
Fomu mbili nimezigandamiza kwa mashine ya presha
feni isizipeperushe kabla sijaamua.

Ya kwanza nyembamba: shahada. Miaka mitatu,
kisha nirudi hapahapa, kwenye vitanda hivihivi,
daraja limepanda, mshahara umepanda kidogo.
Ya pili ina kurasa kumi na moja.
Inaanzia palepale ila haisimami:
shahada, halafu uzamili, mitano mfululizo,
na mwisho wake si wodi, ni ubao,
na wanafunzi arobaini wakiniita madamu.

Bwana Kashindye, katibu wa afya, alinieleza kwa upole
wa mtu aliyekwisha kukataa:
"Ruhusa naandika moja, Nyanzala. Ikama yangu unaijua."

Kitanda cha nne ananiita. Msichana wa Usoke,
mimba ya kwanza, anauliza kama bado.
Bado, mama. Sentimita sita.
Naweka alama kwenye patografu.

Mama yangu kwenye simu: soma mpaka masomo yaishe.
Hajui kwamba hayaishi, kinachoisha ni ada.
Mihambo, mume wangu, anapiga hesabu kwa tumbaku:
mabelo mangapi kwa muhula mmoja,
na mvua ikigoma, muhula nao umegoma.

Hesabu yangu mimi sijamwonyesha mtu.
Februari, saa kama hii, damu ilimtoka mwanamke mmoja.
Mikono yangu ilijua la kufanya. Ikafanya. Haikutosha.
Tangu hapo najiuliza kama upo ukurasa
ambao sijaufikia,
na kama upo, uko kwenye fomu ipi.
Au haukuwa ukurasa. Zilikuwa chupa mbili za damu
zilizolala kwenye jokofu Tabora mjini,
na kati yetu barabara.
Hakuna shahada inayofupisha barabara.

Lakini asubuhi ile Sikudhani, mwenye cheti kipya
na viatu vyeupe visivyojua bado madoa,
aliniuliza tukiosha mikono:
"Dada, ulijuaje mapema vile kwamba anaharibika?"
Nikafungua mdomo.
Miaka kumi na minne, na sikuwa na sentensi.
Nilisema tu: utazoea.
Uongo. Wengine huzoea bila kujua kitu.

Kitanda cha nne sasa haulizi, anapiga kelele.
Naichukua mashine, nakimbia,
na nyuma yangu nasikia karatasi zikiruka,
Sikudhani akizikusanya sakafuni.
"Dada! Ipi ikae juu?"

Kichwa kimekwisha kuonekana, nywele nyingi, nyeusi.
Sigeuki.
"Ile nene," nasema,
na kwa msichana wa Usoke:
haya, sasa, sukuma.