Soma Juu

Kundi letu halina kanuni iliyoandikwa.
Hatusalimiani. Salamu hula uniti,
na saa kumi na nusu alfajiri kila mtu ana simu
mkono mmoja, beseni mkono wa pili.

Samaki mmoja kwenye kioo: mitumbwi ya Ijwi imeonekana.
Samaki watatu: sambaza zimepanda, ongeza noti.
Mwezi mpevu: hawakuvua kitu, rudi ulale.
Nukta nyeusi: usiulize. Mmoja wetu amefiwa,
leo hatugombanii bei.

Nani alitufundisha haya? Hatukumbuki.
Aliyekwisha kuvuka husahau jiwe alilokanyaga.

Jumanne akaingia mmoja, picha yake maua ya plastiki,
namba mpya, jina Nankafu, wa Walungu.
Akaandika kama anayebisha mlangoni:
*Jambo bamama. Niko mugeni.
Hizi samaki tatu maana yake nini?*

Hodi yake haikupata karibu.
Nyuso za kucheka zilimwagika, nilihesabu arobaini na mbili,
wangu ukiwa mmojawapo.
Mmoja akauliza kama anatafuta mume.
Mwingine: hapa si shule ya msingi.
Nami, Mama Sifa wa Kadutu, nikikwangua ukoko wa sufuria
kwa mkono wa kushoto,
nikaandika kwa dole gumba la kulia:
*Soma juu.*

Maneno mawili. Nilijiona hakimu.

Usiku ndipo mwanangu, ajuaye simu kuliko sala,
akaniambia: Lakini mama, kwake juu hakuna kitu.
Mgeni haoni yaliyosemwa kabla hajaingia.

Nikalala chali nikitazama bati.
Basi alipanda, akapanda, kidole kikagonga dari.
Neno la kwanza kabisa duniani lilikuwa lake mwenyewe,
*Jambo*,
na chini yake sisi, tunacheka.

Nikakumbuka ngazi za Kadutu, mwaka wangu wa kwanza,
kabla ya simu hizi. Nilikuwa nimeshatua beseni
mtu akanivuta kitenge kwa nyuma:
marehemu Mama Cibalonza.
Akanong'ona: Si hapo. Hapo ni pa mjane.
Kaa huku, nyamaza, tazama mikono yangu.
Hakuongeza neno. Nimekula miaka tisa
kwa minong'ono hiyo.

Alfajiri nikamwona ziwani, beseni la buluu,
karatasi ya bei bado imebandikwa,
amesimama upande wa magunia ya makala
ambako sambaza hazijawahi kushuka hata siku moja.
Nikamshika kitenge. Si hapa, nikasema.
Akanifuata.
Akaniuliza jina ili ajue wa kumshukuru.
Nikampa la ubatizo, Veronika,
ambalo kundini halimo.

Uoga nao una kitambulisho.

Kesho yake, saa kumi na nusu, niliandika:
*Jambo, Nankafu.*
Kimya. Hata uso mmoja haukucheka.
Kisha mtu akatuma samaki wanne,
tukateremka mbio sote gizani, udongo ukiteleza,
yeye nyuma yangu,
akihesabu kwa vidole.